Sauti Tatu Zatosha: Kodi za Jazi katika Muziki wa Michezo ya Video

Nilipomwambia mwenye nyumba wetu kwamba nimekesha nikihangaika na kodi, uso wake ulichangamka. Alidhani ni ile ya chumba, ambayo mwezi ule ilikuwa imechelewa. Nikalazimika kumweleza kwamba hii ni kodi nyingine, ya kwenye kinanda: sauti tatu au zaidi zinazolia kwa pamoja. Akaniuliza kama inalipa. Nikamjibu kwamba bado. Tangu siku ile nimekuwa nikilifikiria neno hili. Sisi wanafunzi wa Kiswahili hubishana mpaka jasho litutoke juu ya istilahi za sarufi na fasihi, lakini vijana wanaopiga muziki husema tu "kodi", wakaelewana, wakaendelea na mazoezi. Nami nitalitumia hivyo hivyo.

Makala haya yanahusu kodi za aina moja, zile ambazo wapigaji wa jazi hupenda kuzirefusha kwa kuongeza sauti juu ya sauti, na namna vijana wa rika langu wanavyojifunza kodi hizo kupitia muziki wa michezo ya video. Msomaji anaweza kushangaa kwa nini tupitie huko. Sababu ni rahisi. Biryogo haikutulea katika klabu za jazi. Ilitulea kwa adhana, kwa kasida, kwa taarabu na rumba za redioni, na baada ya shule ilitulea katika vibanda vya gemu, mbele ya PlayStation 2 iliyochoka na televisheni ya chogo. Huko kanuni ilikuwa moja: aliyefungwa anampisha mwenzake. Mimi nilikuwa mtu wa kufungwa, kwa hiyo muda mwingi nilikuwa nimekaa kwenye benchi nasubiri zamu. Anayesubiri zamu hausikii sana muziki wa mechi, anasikia ule wa menyu, wakati wengine wanabishana nani achukue timu gani. Muziki ule wa kusubiri ulikuwa umejaa kodi ambazo sikuwahi kuzisikia mahali pengine popote. Zilikuwa kama chai iliyotiwa kiungo usichokijua jina. Unajua kwamba kuna kitu, lakini hujui ni nini.

Baadaye nikakijua jina, kwa njia ambayo nadhani wengi wetu tumepitia: video za mafunzo kwenye simu. Mwalimu wa video anaonyesha mikono juu ya kinanda, majina ya kodi yanamulika juu ya skrini, nawe unafuata kidole kwa kidole. Sitataja video yoyote, kwa sababu zinafanana, na kwa sababu nimezifaidi. Lakini hoja yangu ni kwamba zimetufundisha jambo nusu, na nusu iliyobaki ndiyo muziki wenyewe.

Tuanze na hiyo nusu tuliyofundishwa. Chukua do, mi na sol. Hiyo ni kodi ya kawaida, sauti tatu zilizopangwa kwa kuruka moja moja. (Natumia do, re, mi kama wanavyozitaja waliosomea upande wa Kifaransa, ambako do ni do daima. Waliolelewa na kwaya za Kiingereza wana do inayohama kulingana na wimbo. Mifano yangu yote imo katika ufunguo wa do, kwa hiyo hatutagombana.) Ukiendelea kuruka vile vile, juu ya sol unapata si, ambayo ni ya saba ukihesabu kutoka do. Juu yake re, ambayo ni ya tisa kwa sababu tumeshavuka do ya pili iliyo ya nane. Kisha fa, ya kumi na moja. Kisha la, ya kumi na tatu. Hapo sauti zote saba za ngazi zimekwisha, na kodi yako imekuwa ngazi nzima iliyolazwa na kupigwa kwa mkupuo. Ndiyo maana hakuna kodi ya kumi na tano: ukiruka tena unarudi do.

Hivi ndivyo video zinavyofundisha, kwa kurundika. Bonyeza hizi tatu, ongeza hii, ongeza na hii, sasa sikia utamu. Na kweli ni tamu. Mtu aliyezoea do, mi, sol akisikia kwa mara ya kwanza do, mi, sol, si, re zikilia pamoja, anajiona amefunguliwa mlango wa nyumba ya kitajiri. Mimi nilibaki mlangoni humo miezi kadhaa. Kila wimbo ulionipitia mkononi niliurundikia ya saba na ya tisa, wa kanisani wa rafiki zangu, wa Kinyarwanda wa redioni, wowote ule. Vyote vikawa na harufu moja.

Aibu ilinikuta harusini. Jirani yetu alikuwa anaoza binti yake, nikaombwa nilete kinanda ili niwashindikize akina mama wa kasida. Anayejua kasida za mtaani kwetu anajua kwamba huimbwa kwa sauti moja, wote juu ya mstari mmoja, dufu chini yao. Hakuna kodi humo wala hakuna pengo la kodi. Mimi nikaona pengo. Walipoanza tu nikaweka ya tisa, mbele kidogo nikaweka ya kumi na tatu, na mahali palipokuwa pa kutua, ambapo sauti zote zinarudi nyumbani, nikatua kwa kodi yenye si ndani yake, nusu hatua tu chini ya do waliyokuwa wanaishikilia. Kiongozi wao akayumba. Waliomfuata wakagawanyika, wengine wakaenda na yeye, wengine wakaja kwangu. Mama mmoja akaniinamia, kwa upole kabisa, akaniambia: "Baba, zima hicho." Nikazima. Dufu liliendelea na kasida ikarudi mahali pake kama vile sikuwahi kuwepo.

Spika za harusi husikika mtaa wa pili na wa tatu. Kesho yake nikapita kwa mzee mmoja anayetengeneza redio na vipaza sauti, ambaye ujana wake aliupigia gitaa katika bendi za Bukavu, upande wa mi-solo. Nilimwamkia, akanijibu, akaendelea kuchomelea waya. Kisha bila kuniangalia akasema: "Mwanangu, jana nilikusikia. Ile haikuwa jazi. Ile ilikuwa kujaza."

Nimeirudia kauli hiyo kwa wenzangu mara nyingi kwa sababu inachekesha. Lakini kilichonifaa zaidi ni kile alichokifanya baada yake. Aliniuliza hizo kodi nimezitoa wapi. Nikamwambia, kwenye gemu. Akataka kusikia. Nikamchezea kwenye simu muziki maarufu kuliko yote ya aina hiyo, ule wa hatua ya kwanza ya Super Mario Bros., mchezo wa mwaka 1985. Akaurudisha mwanzo mara tatu nne, akachukua gitaa lenye nyuzi tano (wa sita ulikatika zamani), akatafuta, kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa nimeliona katika video yoyote: "Hawa ni watu watatu."

Ni kweli, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Muziki ule uliandikwa na Koji Kondo, aliyeajiriwa na Nintendo mwaka 1984, kijana aliyekuwa amepiga ogani ya umeme tangu utotoni. Mashine aliyoiandikia, ambayo Wajapani waliipata mwaka 1983, ilikuwa na chipu ya sauti yenye njia tano tu. Mbili zilitoa mawimbi ya mraba, ule mlio mkali wa kama filimbi ya bati. Moja ilitoa mawimbi ya pembetatu, laini zaidi, ikawa ndiyo besi, na haikuwa na namna ya kuongezwa wala kupunguzwa nguvu: ililia au ilinyamaza. Moja ilitoa mchakacho, ikawa ngoma. Ya tano ilikuwa ya vipande vifupi vya sauti iliyorekodiwa. Kwa hiyo kwa upande wa kodi, mtunzi alikuwa na watu watatu, na kila mmoja ana sauti moja kwa wakati. Ya tisa iliyokamilika inataka watano. Ya kumi na tatu inataka saba. Kwa hesabu ya video za mafunzo, jazi haiwezekani katika mashine ile.

Sasa sikiliza mwanzo wenyewe, ile hodi inayopigwa kabla ya wimbo kuanza. Juu kabisa kuna mi, mi, mi, do, mi. Katikati kuna fa diyezi inayorudiwa kila pigo. Chini kuna re, nayo inarudiwa. Basi. Zipange: re ni mzizi, fa diyezi ni ya tatu yake, na mi, ukihesabu kutoka re na kuvuka ya nane, ni ya tisa. Na ile do moja iliyochomekwa katikati ya mi nyingi? Ni ya saba. Kodi ya tisa juu ya re ina re, fa diyezi, la, do na mi. Kondo ametupa nne kati ya tano kwa kutumia watu watatu, kwa sababu mmoja wao alitembea. Kilichokosekana ni la pekee, sauti ya tano ya kodi, na huyo ndiye wapigaji wa piano wa jazi humwacha wa kwanza wanapopungukiwa vidole, kwa kuwa sikio linamkisia lenyewe kutoka kwenye mzizi.

Mimi nilikuwa nimejifunza kodi hiyo hiyo kwa vidole vitano, na nilikuwa nikiamini kwamba mchezo ulikuwa unaniigiza mimi kwa umaskini. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nauigiza mchezo kwa unene.

Lakini hata kuhesabu sauti bado si uhakiki. Swali la mhakiki ni: ya tisa ile inafanya nini pale? Baada ya mapigo yale matano, sauti ya juu inaruka hadi sol, besi inakwenda sol, na ya katikati inapanda hadi si. Kisha wimbo unaingia nyumbani, do. Re kwenda sol, sol kwenda do: ni njia ambayo jazi imeikanyaga mpaka imekuwa barabara kuu. Kilichonivutia ni kwamba kodi tamu imewekwa nje ya nyumba, kizingitini, mahali pa kubisha. Tena hodi hiyo haibishwi mara mbili. Muziki wa hatua ile unazunguka na kuzunguka, lakini mzunguko unaanzia baada ya hodi. Hatua mpya ikianza, au ukifa na kuanza upya, unabisha tena. Mimi harusini niliweka kodi ya namna hiyo mahali pa kutua. Nilikuwa nabisha hodi wakati watu wameshakaa sebuleni.

Kuna jambo lingine la mashine ile ambalo mtu aliyewahi kucheza analijua kwa masikio hata kama hajalifikiria. Ukiruka, au ukiokota sarafu, mlio wa tendo hilo hauna njia yake maalumu. Unaazima moja ya njia za muziki. Kwa nukta ya sekunde kodi inanyang'anywa mtu mmoja, na wimbo unaendelea na wawili. Muziki unaotegemea rundo la sauti usingevumilia wizi huo. Huu unavumilia kwa sababu kila sauti ina njia yake ya kupita, na mwenzake akinyamazishwa, yeye anajua anakokwenda.

Hapo ndipo mzee alipocheka na kusema kwamba huyo Mjapani angefaa Bukavu. Alikuwa anataja kazi yake mwenyewe. Katika rumba ya Kongo magitaa hugawana: mmoja anashika mapigo, mmoja anapiga solo, na katikati anakaa mi-solo, akijaza nafasi ambazo wawili hao wameziacha, huku besi ikitembea chini. Wapo pia wanaofunga gitaa kwa namna ya mi-composé, ambapo uzi wa nne unatolewa na kuwekwa mwembamba unaolia nane moja juu zaidi, ili sauti za kati zing'ae bila kuzisonga za chini. Kodi katika bendi ya namna hiyo haimo mkononi mwa mtu yeyote. Inaning'inia kati yao. Mzee alinionyesha kwa njia rahisi: akanipa mimi besi kwenye kinanda, yeye akashika kipande kidogo cha mi na sol kinachojirudia. Nikapiga do: do, mi, sol, kodi ya kawaida ya mtoto wa shule. Kisha akaniambia, nenda fa, mimi sihami. Nikaenda fa. Yeye akaendelea na mi na sol zake. Juu ya fa, mi ni ya saba na sol ni ya tisa. Ile kodi niliyoitafuta kwenye simu miezi kadhaa ilikuwa imejitokeza yenyewe kwa sababu mtu mmoja alihama na mwingine akagoma. Nilimuuliza wao walikuwa wanaiitaje. Akasema hawakuwa na haja ya kuiita, ilikuwa inapita.

Hapa lazima nijihadhari, maana ni rahisi kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki kuruka kutoka hapo hadi kwenye kudai kwamba basi jazi tulikuwa nayo siku zote. Majina yenyewe yanatushawishi. Dar es Salaam Jazz Band ilikuwepo tangu mwaka 1932. Joseph Kabasele aliunda African Jazz mwaka 1953 huko Léopoldville, na miaka mitatu baadaye ikaja OK Jazz ya kina Franco, iliyochukua jina la baa ya O.K. walikokuwa wakipiga. Tanzania ikawa na Western Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Nuta Jazz. Lakini sikiliza. Sehemu kubwa ya muziki huo inasimama juu ya kodi tatu za kawaida, ya do, ya fa na ya sol, na magitaa yanatembea kwa jozi za tatu na za sita. "Jazz" katika majina yale ilimaanisha bendi ya kisasa, yenye magitaa na tarumbeta, ya kuchezesha dansi. Ya tisa iliyojitokeza kati yangu na mzee ilikuwa abiria, si dereva. Katika hodi ya Kondo, ya tisa imechaguliwa na imeshika usukani. Tofauti hiyo ni kubwa na sitaki kuifuta kwa uzalendo. Ninachodai ni kidogo zaidi: kwamba namna ya kuifikia inafanana, yaani sauti chache zinazotembea kila moja kwa mguu wake, na kwamba kijana wa Biryogo ana walimu wa namna hiyo mtaa wa pili huku yeye akiwatafuta kwenye simu.

Wapo wenzangu wanaotoa maelezo mengine ya kwa nini muziki wa michezo ya video unapenda kodi ndefu. Wanasema ni kwa sababu unazunguka. Hakuna anayejua mchezaji atakaa kwenye menyu au dukani kwa muda gani, kwa hiyo wimbo haupaswi kufunga mlango kabisa. Do, mi, sol hufunga mlango, ya saba na ya tisa huuacha wazi kidogo, na mzunguko unaanza tena bila mtu kugutuka. Maelezo haya ni mazuri na niliyaamini. Kisha nikakumbuka sebene. Sebene nalo linazunguka, linazunguka kwa dakika nyingi, linakaa kadiri wachezaji wa dansi wanavyokaa, na linafanya hivyo kwa kodi zile zile tatu zinazofunga mlango kila mara. Hakuna anayechoka. Kwa hiyo mzunguko peke yake hauhitaji kodi ndefu.

Nionavyo mimi tofauti iko kwa msikilizaji. Anayecheza sebene ana mwili wote kazini, na mwili hauchoshwi na kurudi nyumbani, unakusubiri kurudi huko ili upige hatua. Anayesubiri kwenye menyu amekaa. Ni mimi pale kwenye benchi la kibanda, mikono mitupu, nimeshafungwa mabao matatu. Mapigo hayawezi kunifanyia kazi kwa sababu sitacheza dansi, kwa hiyo kazi ya kunishikilia inaachiwa kodi. Nakubali kwamba hili halielezi kila kitu. Muziki wa hatua za Mario unachezwa na mtu ambaye vidole vyake haviishi kukimbia, na bado una utamu huo. Labda kwa sababu vidole vinakimbia na mwili umekaa. Sina hakika, na ningependa atakayenipinga katika toleo lijalo aje na mfano.

Mfano wangu dhidi ya kurundika bado ninao mmoja, na unatoka katika wimbo ule ule. Mbele kidogo, wimbo unaporudi nyumbani kwa mara nyingine, Kondo haji kwa njia kuu. Besi inapita la bemoli, kisha si bemoli, kisha do, na sauti ya juu inashuka mi bemoli, re, do. Besi inapanda ngazi huku wimbo ukishuka, wanakutana mlangoni. Kodi zote tatu ni za kawaida kabisa, hazina ya saba wala ya tisa. Lakini mbili za kwanza si za mtaa ule, zimeazimwa kutoka kwa do ndogo, ile ya huzuni. Wenzangu wengi nikiwachezea kipande hicho bila kuwaambia, husema hapo ndipo "penye jazi" zaidi. Kumbe hapo ndipo pasipo na kodi ndefu hata moja. Kinachowasisimua ni njia iliyopitwa.

Mashine ziliongezeka nguvu. Ile ya Nintendo iliyofuata, ya mwaka 1990, ilikuwa na sauti nane. PlayStation ya kwanza ilikuwa na ishirini na nne, na PlayStation 2 ya kibandani kwetu ilikuwa na arobaini na nane. Siku hizi idadi haina maana tena, mtunzi anarekodi bendi nzima, kama walivyofanya Nintendo kwa Mario Kart 8 ya mwaka 2014, yenye tarumbeta, saksafoni na besi za watu halisi. Naipenda sana albamu ile na sidhani kuna mtu anaweza kuisikiliza akiwa amenuna. Lakini kama mwalimu ni mwalimu mgumu. Sauti ni nyingi na zinapita kwa kasi, na anayejifunza anaishia kuandika jina la kodi na kubonyeza rundo, kwa sababu hawezi tena kumfuata kila mtu anakokwenda. Vivyo hivyo kwa Persona 5, ambayo rafiki zangu wameifanya kama kitabu cha kiada. Wanaiga mkono wa kinanda na kuacha besi, na besi ndiyo iliyo na akili ya mchezo mzima. Ningemshauri anayeanza arudi nyuma hadi mwaka 1985, kwenye mashine isiyoweza kumdanganya.

Sisi tumejaribu. Tuko watatu, mmoja ana gitaa, mmoja ana besi ya kuazima, mimi na kinanda. Tunakutana Alhamisi jioni chumbani kwangu, karibu na ile barabara ya Biryogo isiyopita magari, yenye lami iliyopakwa rangi na meza za chai na mishikaki. Kanuni ni kwamba hakuna anayeruhusiwa kupiga sauti zaidi ya moja kwa wakati. Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya. Mkono wangu ulikuwa umezoea kubonyeza vitano, na sauti moja ilinifanya nijihisi uchi. Nilikuwa pia sijui niende wapi: nikiwa kwenye do ndani ya kodi ya re, na mwenzangu wa besi akaenda sol, mimi je? Video hazikuwahi kuniuliza swali hilo. Jibu lilikuwa karibu mno, nusu hatua chini, si. Na aliyekuwa kwenye fa diyezi anashuka nusu hatua vile vile hadi fa, na hiyo inakuwa ya saba ya sol. Wawili tulishuka ngazi moja moja, besi ikaruka, na kodi nzima ikawa imehama bila mtu kunyanyua mkono. Tulirudia mara ishirini, tukacheka kama watoto.

Mzee alikuja mara moja kutusikiliza. Alikaa karibu na mlango, akatuacha tumalize, kisha akasema besi inakimbia. Kuhusu kodi hakusema neno. Mwenzangu wa gitaa bado haniamini kabisa. Anadai kwamba ya kumi na tatu haiwezi kusikika kwa watu watatu hata iweje, kwamba nimegeuza umaskini wa chipu kuwa sheria, na kwamba mtu mwenye vidole kumi ana haki ya kuvitumia vyote. Nimemwambia alete mfano. Amesema ataleta Alhamisi hii, na kwamba atautoa kwenye ile valsi ya chini ya maji, kutoka mchezo ule ule wa Kondo. Nimeusikiliza mara kadhaa tangu juzi nikiwa na wasiwasi, kwa sababu kuna sehemu moja pale katikati ambapo nadhani huenda ana hoja.